Shule ya Ufundi ni ya Nani?

Hotuba iliyosemwa Goma mbele ya wachimbaji wa migodi, mafundi na wananchi wa mji



Nimeombwa niseme habari za elimu ya ufundi. Sikuja kuwaambia kwamba ufundi ni kitu kizuri. Hilo mwalijua kuliko mimi. Yule anayeteremka na chukudu kutoka Kibumba, viazi vimejaa juu, anajua thamani ya fundi aliyechonga ile mbao. Mchimbaji aliye chini ya ardhi anajua thamani ya mtu aliyesimamisha nguzo juu ya kichwa chake. Mimi nimekuja na swali moja tu: shule ya ufundi ya mji huu ni ya nani?

Msicheke. Swali hili si la mtoto. Ng'ombe ana mwenyewe, shamba lina mwenyewe, hata jiwe la lava katika kiwanja lina mtu anayesema ni lake. Kitu kisicho na mwenyewe huoza mbele ya macho ya watu wote, na kila mmoja husema, "Si kazi yangu." Basi tumtafute leo mwenye shule ya ufundi.

Mabwana wengi, mwenyewe hakuna

Ukienda kwenye shule ya sekondari ya ufundi na kuuliza mkubwa wake, utaambiwa: wizara ya elimu, Kinshasa. Ukienda kwenye kituo wanapojifunza kushona wasichana walioacha masomo, utaambiwa: mambo ya jamii. Kisha iko wizara nyingine yenye jina la mafunzo ya kazi. Iko INPP, ambayo ina ofisi hapa Goma, lakini kichwa chake kiko Kinshasa. Zipo shule za Serikali zinazoendeshwa na makanisa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi tarehe 26 Februari 1977. Vipo vituo vya makanisa yenyewe, kama kile cha Don Bosco kule Ngangi, ambako Wasalesio wamefundisha vijana wengi useremala, uashi na ushonaji. Vipo vituo vilivyofunguliwa na mashirika ya wageni, vikadumu mradi ulipodumu, na siku fedha zilipokwisha, cherehani zikafungiwa stoo.

Na yule kijana wa garaji, aliyelala chini ya lori tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, yeye yuko chini ya wizara gani? Hayuko chini ya yeyote. Patroni wake ndiye mwalimu wake, ndiye mkaguzi wake, ndiye mtihani wake. Akikosana naye leo, kesho miaka yake yote ya kujifunza imekwisha, wala hana karatasi ya kuonyesha.

Ndugu zangu, hao wote wanafanya kazi moja, nayo ni kumtia kijana kazi mkononi. Lakini hawaketi meza moja. Huyu hajui yule ana mashini gani. Mmoja ana walimu wasio na vyombo, mwingine ana vyombo visivyo na walimu. Karibu kila kituo kinafundisha kushona, kwa kuwa cherehani ni rahisi kununua, na wasichana wanatoka makumi kwa makumi kugombania wateja wale wale. Wakati huo huo, mji wote unatafuta fundi wa umeme aliye mwaminifu na hodari, haumpati. Je, ni nani wa kulaumiwa? Huwezi kumlaumu mtu, kwa maana hakuna mtu aliyepewa kazi ya kutazama mambo yote pamoja. Hiyo ndiyo taabu yetu, ndugu zangu.

Sheria yasema nini

Wengine watasema, "Mambo hayo ni ya wakubwa wa Kinshasa, sisi wa Goma tuna neno gani?" Nawajibu kwa sheria ya nchi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 204, inataja kazi zilizo za jimbo peke yake. Kati ya hizo imo elimu ya watoto wadogo, ya msingi, ya sekondari, ya ufundi, na kuwafundisha wakubwa kusoma na kuandika. Kinshasa imeachiwa na kifungu cha 202 kazi ya kuweka kipimo cha elimu kwa Jamhuri nzima. Maana yake ni wazi. Kinshasa huweka kipimo, jimbo huendesha. Kinshasa yasema fundi wa umeme lazima ajue nini. Jimbo latafuta mwalimu, nyumba, nyaya na wanafunzi.

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, nayo izuiliwe pale pale inapokusanywa. Kwa miaka mingi haikuwa hivyo. Fedha zilikwenda kwanza Kinshasa, zikarudi kwa kipimo cha Kinshasa na kwa wakati wa Kinshasa. Jimbo likapewa jembe lisilo na mpini.

Kisha ikaja tarehe 6 Mei 2021, hali ya dharura ikaanza kutumika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Utawala wa jimbo ukawekwa mikononi mwa wanajeshi, na bunge la jimbo, ambalo ndilo lingetunga amri za elimu ya ufundi hapa kwetu, likasimama. Januari 2025 mji huu ukachukuliwa na M23, mabenki yakafunga milango. Hayo yote mliyaona kwa macho yenu, sina haja ya kuwasimulia.

Leo sikusimama hapa kusema nani atawale Goma. Nasema neno jingine. Katika miaka yote hiyo, watawala walipokuja na walipoondoka, seremala wa Mabanga aliendelea kumfundisha kijana kupiga randa. Mwashi aliendelea kumfundisha mwenzake kupasua jiwe. Ufundi haukungoja gavana. Basi na utawala wa ufundi tusiujenge juu ya kiti cha mtu mmoja, kiti kikipinduka nao ukaanguka. Tuujenge juu ya watu wa kazi wenyewe, walio hapa leo na watakaokuwa hapa kesho.

Tumetoka wapi

Wazee watanisaidia. Wakati wa Wabelgiji zilikuwako shule za kazi za mikono. Wamisionari walifundisha useremala, uashi, kushona na kupiga chapa. Sitasema kwamba hawakufundisha. Lakini walimfundisha Mkongomani awe mkono, kichwa kibaki cha Mzungu. Fundi mweusi alijua kukaza skrubu, hakuonyeshwa mchoro wa mashini. Tarehe 30 Juni 1960 bendera ilipopandishwa, jeshi zima halikuwa na afisa hata mmoja Mkongomani, na watu wetu waliomaliza chuo kikuu walikuwa wachache mno. Mafundi walikuwa wengi. Wenye kuruhusiwa kuamua hawakuwako.

Miaka minne baadaye, tarehe 29 Juni 1964, Serikali ikaunda INPP, iwape wafanyakazi ufundi na kuwaongezea ujuzi wale walio kazini. Kumbukeni mwaka huo ulikuwaje: vita vya uasi vilikuwa vinawaka Kwilu na huku Kivu. Hata hivyo wakubwa wa wakati ule waliona kwamba nchi bila mafundi haisimami. Fikira ilikuwa njema. Lakini mti ulipandwa Kinshasa, na matawi yakaambiwa yangoje maji kutoka kwenye shina.

Huku kwetu Kivu, ufundi mwingi ulifundishwa na makompanyi ya madini. Mwaka 1976 makompanyi ya bati na dhahabu ya Kivu na Maniema yaliunganishwa, ikazaliwa SOMINKI. Waliofanya kazi humo wapo hata leo. Ukimkuta mzee anayejua mashini ya maji au umeme wa mgodi, mwulize alijifunzia wapi. Mwaka 1985 bei ya bati ilivunjika duniani, kompanyi ikaanza kuyumba, na mwaka 1997 ikafa. Pale kompanyi ilipokufa, kufundishwa nako kukafa. Kijana aliyekuja baadaye alikuta shimo, hakukuta mwalimu. Akachukua nyundo na tochi, akaingia peke yake.

Ndugu wachimbaji, hamhitaji kuambiwa matunda yake. Mlima ukinyeshewa mvua, udongo ukajaa maji, mtu asiyejua kusoma dalili za ukuta huingia, na wenzake humtoa kwa machozi. Mwasema ni bahati mbaya. Pengine ni bahati mbaya. Lakini kujua nguzo iwe na unene gani, zipangwe kwa nafasi gani, hewa ipite wapi, lini shimo liachwe, hayo si mambo ya bahati. Ni masomo. Mtu anaweza kuyafundisha, na mwingine anaweza kuyajifunza kwa majuma machache. Koltani ya Rubaya inasafiri mpaka kwenye simu za watu wa Ulaya, Marekani na China. Inakuwaje somo la kusimamisha nguzo lishindwe kusafiri kutoka Goma hadi Masisi?

Na watu wa mji, ninyi nanyi mnao ushahidi wenu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya Goma. Maduka, nyumba, shule, hata sehemu ya uwanja wa ndege, vyote vikazikwa chini ya lava. Baada ya siku chache watu walirudi. Nani aliyeujenga tena mji huu? Waliujenga waashi wetu na maseremala wetu, kwa mbao na kwa jiwe lile lile lililotuua. Wengi wao hawakuwa na diploma yoyote. Mji huu umesimama juu ya ujuzi wa watu ambao hakuna ofisi iliyoandika majina yao katika daftari la mafundi.

Fedha ziko wapi

Sasa nafika penye mfupa. Kila ukisema ufundi, utajibiwa, "Hakuna fedha." Tutazame.

Kwanza, waajiri. Kwa kanuni ya INPP, kila mwajiri hutoa fungu juu ya mishahara anayolipa kwa ajili ya kufundisha kazi. Kompanyi za Serikali na zile ndogo, zenye wafanyakazi wasiozidi 50, hukadiriwa asilimia 3; zenye wafanyakazi 51 hadi 300 asilimia 2; zilizo kubwa zaidi asilimia 1. Tupige hesabu ya mfano. Patroni ana watu 20, kila mmoja analipwa dola 100 kwa mwezi. Mishahara yote ni dola 2,000. Asilimia 3 yake ni dola 60 kwa mwezi, yaani dola 720 kwa mwaka. Hiyo ni duka moja tu au hoteli moja tu. Waweke pamoja waajiri wa mji mzima. Basi swali letu si kwamba fedha zipo au hazipo. Swali ni hili: kiasi gani kilitoka Goma, na kiasi gani kilirudi kufundisha watu wa Goma? Mwananchi ana haki ya kuuliza, na mwenye ofisi hana sababu ya kukasirika.

Pili, madini. Sheria ya migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, imegawa ushuru wa madini hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, sheferi au komini ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena mwenye kibali cha mgodi anatakiwa atoe, kwa uchache, asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa hapo. Mwaka huo huo wa 2018 koltani iliwekwa katika madini ya mkakati, ushuru wake ukawa asilimia 10. Fedha za sekta na sheferi ni za kazi za faida ya watu wote. Na karakana ya kufundishia si faida ya watu wote? Watu wamezoea kuona fedha hizo zikisemwa kwa majengo ya ofisi na barabara. Nani aliyesimama katika mkutano wa sheferi akasema, "Sehemu moja iwe ya karakana"? Usipoomba, hupewi.

Tatu, wazazi. Hawa ndio wanaolipa kila siku. Masomo ya msingi yalitangazwa kuwa bure tangu mwaka 2019, lakini ubure huo haukufika kwenye shule ya ufundi. Mama anayeuza samaki Kituku analipa pesa za masomo, analipa mbao za kujifunzia, analipa mtihani. Kijana wa garaji naye mara nyingi hulipa ili afundishwe, na bado hufagia na kuchota maji ya nyumba ya patroni. Basi wazazi tayari ni wenye hisa wakubwa wa elimu ya ufundi. Kasoro yao ni moja: hawaonyeshwi hesabu.

Nne, Serikali ilikwisha weka idara ya kuwasaidia na kuwafundisha wachimbaji wadogo. Ilianza mwaka 2003 kwa jina la SAESSCAM, na tangu mwaka 2017 ikaitwa SAEMAPE. Mchimbaji akitoa franka, na aulize pia neno hili: mwaka huu mmefundisha watu wangapi, katika mashimo gani, somo gani?

Majirani wamefanya nini

Si vibaya kutazama ua wa jirani. Kenya, tangu miaka ya 1960, makanisa yalianzisha vyuo vidogo vya ufundi vijijini, kwa sababu vijana walimaliza shule na kukosa kazi. Kenya ilipopata katiba mpya mwaka 2010, na serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, vyuo hivyo viliwekwa mikononi mwa kaunti. Leo mzazi wa Kisumu au wa Kilifi akiona chuo kimebomoka, anajua mlango wa kubisha. Haiwi safari ya siku mbili kwenda mji mkuu. Naye gavana anajua kwamba yule mzazi ana kura.

Tanzania wana VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Huko nako waajiri hutoa kodi ya kuendeleza ufundi, na VETA hupata fungu lake. Lakini jambo ninalotaka mlishike ni lingine. Fundi aliyejifunza mtaani, chini ya mti, bila darasa, VETA humwita, humpima kazi yake, humwonyesha upungufu wake, kisha humpa cheti. Hawakumwambia, "Rudi darasani uanze moja." Walimwambia, "Tuonyeshe mikono yako." Hilo tu limemtoa mtu kizani.

Sisemi majirani wamefika peponi. Nao wana malalamiko yao juu ya fedha na walimu. Lakini swali letu la leo, shule ya ufundi ni ya nani, wao wamekwisha lijibu.

Basi tufanye nini

Nasema mambo matano, nami nitayasema kwa ufupi ili kila mtu ayabebe mpaka nyumbani.

La kwanza ni meza moja. Mji wetu una komini mbili, Goma na Karisimbi, na kartie 18. Yafaa liwepo baraza moja la ufundi la mji. Waketi humo watu wa elimu, watu wa INPP, makanisa na Waislamu wenye shule, waajiri, mafundi wa garaji na wa useremala, vyama vya wachimbaji, wazazi, na vijana wanaojifunza. Mafundi wachague watu wao wenyewe, wasichaguliwe na ofisi. Na wanawake wasiitwe kupika chai ya mkutano. Waitwe kupiga kura.

La pili ni daftari moja. Kila kituo kiandikwe: kiko wapi, kinafundisha nini, kina mashini gani, kinatoza kiasi gani, wanafunzi wangapi wameingia na wangapi wamepata kazi. Daftari hilo libandikwe katika kila komini. Mzazi alisome kabla ya kutoa pesa yake. Hapo ndipo tutaona wazi kwamba cherehani zimezidi na mafundi wa umeme wamepungua. Tangu Desemba 2015 kituo cha umeme cha Matebe, kule Rutshuru, kimekuwa na nguvu ya megawati zaidi ya 13, na umeme wake ukaletwa mpaka Goma. Mwaka 2020 Nuru walizindua kituo cha jua cha megawati 1.3 hapa mjini. Nyaya zimefika mpaka mlangoni. Kijana wa kuziunganisha bila kuchoma nyumba ya mama yake atatoka wapi, tusipomwandaa?

La tatu ni hesabu ukutani. Kila muhula, kila kituo kinachopokea pesa ya wananchi au ya waajiri kibandike mlangoni karatasi mbili: zilizoingia na zilizotoka. Mwalimu alipwe kabla ya wageni kununuliwa soda.

La nne ni mtihani wa mikono. Fundi wa mtaani apimwe kwa kipimo cha Jamhuri, apate breve inayotambulika Goma, Bukavu, Kisangani na Kinshasa. Nasema kipimo cha Jamhuri kwa makusudi. Tusitunge karatasi yetu ya Goma isiyovuka Sake. Kuendesha shule ni kazi yetu ya hapa. Thamani ya cheti iwe ya nchi nzima.

La tano ni kulipeleka somo kwenye shimo. Mchimbaji hawezi kuacha mkate wake mwaka mzima akae darasani. Basi mwalimu aende kwake: nguzo, hewa, maji, vipimo, huduma ya kwanza, kusoma mizani. Naam, kusoma mizani! Maana mtu asiyejua hesabu ya kilo na bei huibiwa mchana, tena hushukuru.

Wenye mashaka

Najua ninyi mlio nyuma mnanong'ona. Mmoja asema, "Tungoje amani kwanza." Ndugu yangu, kijana wa miaka kumi na sita hangoji. Asipopewa randa atapewa bunduki, na anayempa bunduki haombi diploma. Amani ikija itawahitaji mafundi siku ile ile ya kwanza. Nao hawapikwi kwa siku moja.

Mwingine asema, "Mkiuleta utawala huu hapa, mtaufanya wa jamaa na kabila." Huyu amesema kweli, wala sitamnyamazisha. Mwizi wa karibu huumiza kama mwizi wa mbali. Mkubwa wa Goma anaweza kumwajiri mpwa wake asiyejua kushika nyundo, sawa na mkubwa wa Kinshasa. Kuwa karibu peke yake si dawa. Dawa ni hizi: wajumbe wa baraza wakae kwa muda uliowekwa kisha watoke, mtihani usimamiwe na mtu asiyemfundisha mtahiniwa, hesabu zibandikwe, na mkaguzi atoke nje ya mji. Kuna tofauti moja tu kati ya mwizi wa karibu na wa mbali, nayo ni kubwa: wa karibu unaweza kwenda kumwuliza kwa miguu yako.

Wa tatu ni mwenye kituo, padre, mchungaji au shehe, naye asema, "Mnataka kutunyang'anya shule tulizojenga." Hapana, baba zetu. Mwaka 1974 Serikali ilizichukua shule za makanisa, na baada ya miaka mitatu ikabidi kutafuta mapatano. Hatutarudi huko. Nyumba ibaki yenu, imani ibaki yenu. Tunachoomba ni kukaa mezani pamoja nasi, na kufungua daftari.

Ndugu zangu, nakwisha. Kesho asubuhi kila mmoja ana kazi ndogo. Mzazi, uliza kituo cha mwanao kikuonyeshe hesabu ya muhula. Fundi, mwandike kijana unayemfundisha: jina lake, siku aliyoanza, kazi anazozijua, utie sahihi yako, hiyo ndiyo karatasi yake ya kwanza. Mchimbaji, katika mkutano wa chama chenu simama useme neno moja, somo la nguzo. Patroni, dai kujua fungu lako limemfundisha nani. Wazee wa kartie, anzeni kuhesabu karakana zilizo katika mitaa yenu, hata ile iliyo chini ya turubai.

Wakituuliza nani ametupa ruhusa, tutawaonyesha kifungu cha 204. Na wakituuliza shule ya ufundi ni ya nani, tujibu kwa sauti moja: ni yetu sisi tunaoilipia, na sisi ndio tutakaoiangalia.

Haba na haba hujaza kibaba.